Mtaro wa Cheche na Hoja

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kama hukumjua kwa sura ulimjua kwa makelele. Karakana yake ilikuwa chini ya paa la mabati kando ya barabara, na grinda ilivyokuwa ikilia kutwa, muuza duka wa jirani alikuwa ameshazoea kuuza kwa ishara. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na siku moja hata ngazi ya nje kwa bwana mmoja aliyejenga ghorofa kisha ndiyo akakumbuka kwamba watu hupanda. Chuma kilimtii. Ungepitisha kidole pale alipounganisha usingekuta hata nundu. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake, na watu wakigombana na jirani walisema, "Nitaenda kwa Cheche aniwekee geti," ugomvi ukaisha hapo hapo.

Na nyumbani kwa mama yake mzazi, watu waliingia kwa kupita juu ya ubao.

Mganga hajigangi, watu husema, halafu wakishasema hivyo hujifuta midomo kama waliomaliza kula. Hapana, bwana. Hili si la kumalizwa kwa methali.

Mbele ya nyumba ile ulipita mtaro. Halmashauri waliuchimba miaka hiyo, kina chake kifuani kwa mtu mzima, wakaahidi mifuniko ya zege, wakapiga picha, wakaenda zao. Tangu hapo mtaro ukawa wazi kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ulipokea maji machafu, chupa, majani, viatu vya mguu mmoja, na wakati wa mvua ulivirudisha vyote barabarani bila kupunguza hata kimoja. Mama yake Cheche alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga, tepu shingoni, chaki sikioni, na kila alipotaka kupeleka kazi au kufuata uzi alivuka mtaro kwa ubao ule, ambao zamani ulikuwa mlango wa kabati. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ubao aliujua kwa miguu.

"Mwanangu," alimwambia Cheche mara nyingi, "nitengenezee kidaraja cha chuma, chenye pa kushikia. Vyuma unavyo, mikono unayo, mama unaye mmoja."

"Wiki ijayo, mama."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na tusimhukumu bado, maana mafundi wote duniani hujibu hivyo. Shida ilianza alipopata jibu bora zaidi.

Jibu hilo alilipata kwa Hoja. Hoja alikuwa kinyozi, chumba chake kimeshikana ukuta na karakana, na walikuwa marafiki tangu wakikaa dawati moja. Huyu alikuwa na mdomo! Mteja aliingia kunyoa ndevu akatoka na msimamo wa kisiasa. Nyuma ya kiti cha kunyolea kulikuwa na kijichumba, magodoro makuukuu yamegongomewa ukutani, kompyuta ya mkono wa pili na maikrofoni iliyovikwa soksi. Humo jioni wawili hao walikuwa wakirap. Walianza na nyimbo za mapenzi, ambazo hakuna aliyezipenda, hata wale walioimbiwa.

Halafu siku moja ya mvua Hoja alikwenda kwa mama yake Cheche kupunguziwa suruali. Akateleza kwenye ubao, mguu mmoja ukazama mpaka pajani, na ulipotoka ulitoka peku. Kiatu kilikuwa kipya. Hoja alisimama pale akauangalia mtaro kwa hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwa jambo lolote la umma. Wapo watu wanaosema harakati huanza moyoni. Ya hawa ilianza mguuni, na ndiyo sababu usiku haukuingia kabla wimbo haujapatikana.

Ulikuwa wimbo rahisi. Hoja aliuliza kwa sauti yake nyembamba ya kudadisi, Cheche akajibu kwa sauti nzito ya karakana.

"Nani kauacha mtaro wazi?"

"Wao!"

"Nani kala zege na nondo zake?"

"Wao!"

"Na nani atakayekuja kuufunika?"

"Wao!"

Nakuambia, hakuna aliyeweza kuusikia mara tatu akanyamaza. Ulishika mtaa, ukashika mji, ukapigwa kwenye magari ya abiria na vibandani, na bibi harusi mmoja aliingia nao ukumbini, sijui alikuwa akimlaumu nani. Shuleni mwalimu aliuliza, "Nani kavunja kioo?" darasa zima likajibu, "Wao!" Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akasahau fimbo. Watu wakawapa wawili hao jina, Wana Mtaro, wakalipokea kwa furaha, na Cheche akajiona sasa yeye si fundi tu. Yeye ni sauti.

Mama yake aliusikia wimbo, akaupenda, akautikisia kichwa huku akikanyaga cherehani. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Na kidaraja?"

Cheche safari hii alikuwa tayari hata amechukua vipimo. Hoja ndiye aliyemkuta na tepu mkononi.

"Unafanya nini, kaka?"

"Namwekea mama kidaraja."

Hoja alishika kichwa kama aliyepokea habari ya msiba. "Kaka! Ukifunika pale umewasamehe. Watakuja hapa waseme, mbona wananchi wamejitatulia? Wimbo wetu unasema nani ataufunika?"

"Wao," Cheche akajibu kwa mazoea.

"Sasa ukifunika wewe, wimbo unakuwa uongo. Unataka tuitwe waongo?"

Cheche akaitazama tepu, akaitazama nyumba ya mama yake, akairudisha tepu mfukoni. Hilo ndilo jibu bora ninalolisema. "Wiki ijayo" ni uvivu, na uvivu una haya kidogo. Lakini sasa alikuwa na msimamo, na msimamo hauna haya hata chembe.

Alimweleza mama yake kwa heshima zote, amekaa kwenye kigoda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na sindano mdomoni. Akaitoa sindano.

"Kwa hiyo mimi nitembee juu ya ubao ili Diwani aone haya?"

"Ni mapambano, mama."

"Na asipoona haya?"

Cheche alifikiri. "Tutatoa wimbo mwingine."

"Sawa," mama akasema. "Nipitishie uzi huo mweusi hapa, mimi tundu silioni."

Akampitishia, akaondoka ameridhika kwamba mama ameelewa.

Wana Mtaro walingoja kukamatwa. Hoja alianza kutembea na mswaki mfukoni, maana alisikia kwamba huko ndani hawatoi. Na kweli gari la Mheshimiwa Diwani likaja likasimama mbele ya chumba cha Hoja, mteja mmoja akakimbia amenyolewa upande mmoja. Aliyeshuka alikuwa msaidizi wa Diwani, na alichokuwa nacho mkononi ni kadi ya mwaliko.

Mkutano wa hadhara ulijaa. Wana Mtaro wakapanda jukwaani, wakaanza. Lo! Diwani aliinuka kwenye kiti chake, akavua koti, akacheza. Hoja alipouliza, "Nani?" Diwani aliipaza "Wao!" kuliko uwanja mzima, akinyoosha kidole kwa diwani aliyemtangulia, aliyekuwa ameketi safu ya pili. Yule naye akaitikia "Wao!" akinyooshea viongozi wa halmashauri. Wa halmashauri wakanyooshea angani. Wananchi waliwanyooshea wote, na kila mtu akarudi nyumbani amefurahi.

"Vijana hawa ni hazina," Diwani akasema kwenye kipaza sauti. "Wameniambia ukweli! Naomba waendelee kuniambia!"

Kilemba cha ukoka hicho, lakini kilivyokaa vizuri kichwani, Cheche hakukivua wiki nzima. Alirudi na jaketi lenye nembo ya halmashauri mgongoni, akalivaa hata wakati wa kuchomelea, cheche zikalitoboa.

Baada ya Diwani likaja shirika. Shirika lilikuwa na gari jeupe, dada mmoja mwenye miwani aliyeitwa Mratibu, na mpango uitwao Sauti kwa Mabadiliko. Wana Mtaro wakawa wanaitwa kwenye semina: semina ya kutafakari mitaro, semina ya kutathmini semina ya kutafakari mitaro. Walitumbuiza asubuhi kuamsha washiriki, wakatumbuiza baada ya chakula kuwaamsha tena. Chumba cha kinyozi kikawa kinafungwa saa za kazi. Karakana nayo ikaanza kulala, na muuza duka wa jirani akagundua kwamba bado ana sauti.

Siku moja Mratibu aliwaleta wageni kuuona mtaro wenyewe. Walikuja na mabuti mapya ya mpira na chupa za maji ya kunywa, wakasimama ukingoni wakisikitika, kisha wakamwona mama yake Cheche barazani wakavuka mmoja mmoja juu ya ubao kumpiga picha. Mmoja akainama, akamuuliza kwa upole mkubwa, "Mama, unajisikiaje kuishi hapa?"

"Najisikia kucheleweshwa," mama akasema. "Nina sare za kumalizia na umenizibia mwanga."

Waliandika hilo pia. Walipoondoka, chupa zao tupu zilikuwa mtaroni.

Ukafika usiku wa tuzo. Wana Mtaro walipewa kikombe cha Sauti ya Jamii, kirefu, kinang'aa, chenye umbo la kipaza sauti. Hoja alilia jukwaani, na machozi yalikuwa ya kweli, maana Hoja hakuwa mnafiki. Aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake, hasa likitoka mara ya pili. Kikombe walikipeleka kwa mama kikae kabatini. Njiani mguu wa kikombe ukavunjika. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, Cheche alikuwa ameshakipeleka karakana, amekichomelea, amekipiga msasa, amekirudisha. Ukikitazama hujui kilivunjika wapi.

Mama alikipokea, akakigeuza geuza karibu na macho.

"Kazi safi," akasema. "Na haraka."

Cheche akashukuru. Masikini, alidhani anasifiwa.

Mambo yangeendelea hivyo, watu wakiimba, mama akivuka, lakini yakatokea ambayo hakuna aliyeyatarajia: wao wakaja. Asubuhi moja lori la halmashauri lilisimama mtaani na mifuniko ya zege, mizima, imepangwa kama vitabu, na nyuma yake msimamizi wa ujenzi aliyevaa kofia ya njano na vibarua wake. Watu walitoka nje wakaangaliana. Mama yake Cheche aliacha cherehani. Alisimama ukingoni, akapapasa mfuniko wa kwanza kwa kiganja kama anayepima ubora wa kitambaa.

"Jamani, leo hii hii?" akauliza.

"Kufikia jioni tumefika kwako, mama," msimamizi akamwambia.

Hoja alifika mbio, kitambaa cha kunyolea bado begani, akamvuta Cheche pembeni.

"Kaka, tumekwisha."

"Tumekwisha vipi? Tumeshinda!"

"Video! Wimbo wa sehemu ya pili, wa shirika! Muongozaji anakuja na kamera wiki ijayo. Atapiga picha za nini, zege?"

Cheche alimtazama mama yake, aliyekuwa sasa ameanza kuwaelekeza vibarua mahali pa kuanzia. Kitu kilimgusa moyoni, na alikijua. Lakini akafikiria semina, akafikiria ukumbi ukiitikia, akafikiria karakana yake iliyojaa vumbi, na akajiuliza mtu atakuwa nani katika kundi la Wana Mtaro ikiwa mtaro haupo. Akaenda kwa msimamizi.

"Bosi, tunaomba mtusubirie wiki moja tu. Ni kwa ajili ya kampeni ya kudai mifuniko."

"Mifuniko si hii hapa?"

"Ndiyo. Ila kampeni haijaisha."

Msimamizi alikuwa ameona mengi katika kazi yake, lakini hili lilimfanya avue kofia akajikuna. Hata hivyo kuambiwa usifanye kazi ni ombi ambalo hakuwahi kulikataa. Akapiga simu mahali, akaitikia "sawa, mheshimiwa" mara kadhaa, lori likawashwa. Mifuniko ile ilikwenda kuishia mbele ya geti la Diwani, mahali ambapo hapakuwa na mtaro, wakaipanga kama uwanja wa kuegeshea magari.

Mama alibaki amesimama ukingoni.

"Wanarudi wiki ijayo, mama," Cheche akamwambia.

"Nani kawaambia waondoke?"

Cheche alifungua mdomo, na naapa, mazoea ni kitu kibaya. "Wao," akasema. "Wakubwa wao."

Siku ya video mtaa uliota vipaza sauti kila kona. Mama aliondoka mapema na furushi la sare kupeleka shuleni, akapita ubao wake kama kawaida. Muongozaji wa video, kijana wa mjini mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, alizunguka mtaro akiutazama kwa vidole alivyoviunganisha mraba. Akafika mbele ya nyumba ya mama akakunja uso.

"Huu ubao unaniharibia. Unapunguza uchungu. Mtu akiuona anasema, kumbe wanavuka."

"Wanavuka kweli," akasema Cheche.

"Hapana, nataka wasivuke. Nataka mtazamaji aone hakuna njia. Uondoe, tutaurudisha."

Ubao ulikuwa mzito, umekaa pale mpaka umeshikana na udongo. Vijana wawili walijaribu wakashindwa. Cheche mwenyewe ndiye aliyeinama, akaung'oa, akaubeba begani, akausimamisha nyuma ya choo cha jirani. Wakapiga picha. Walikuwa hodari siku ile, nisiwaonee; Hoja aliuliza kwa uchungu, Cheche akajibu kwa hasira, na mtaa wote ukaitikia mpaka mabati yakatetema. Zamu yao ilipokwisha, Mratibu akawaita pembeni kwa mahojiano, wimbo ukaachwa uendelee kwenye vipaza sauti ili mpiga picha achukue umati. Mwandishi wa redio alimuuliza Cheche anawaambia nini vijana, naye akaanza kumweleza umuhimu wa kuwajibika.

Wakati huo mama alikuwa anarudi. Aliona umati kama ukungu wa rangi, akasikia wimbo wa mwanawe, akatabasamu, akawasalimu watu kwa kichwa, akajibana ukutani asiingie kwenye picha za wenyewe. Akafika mahali pake. Akainua mguu, akauweka pale ulipokuwa ubao miaka yote hiyo.

Alipiga ukelele. Lakini kipaza sauti kilikuwa kinauliza "Nani?" na mtaa mzima ulikuwa unaitikia, na sauti ya mshonaji mmoja haikufua dafu. Aliyemwona ni mpiga picha peke yake, jicho likiwa kwenye kamera, naye hakuiteremsha. Alidhani ni sehemu ya video. Alimsogelea taratibu, akapiga picha vizuri kabisa, mkono wa mama ukishika ukingo, tepu ya kupimia ikielea, na ilipomjia kwamba muigizaji huyu haigizi, ndipo alipoita watu.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika.

Cheche ndiye aliyeruka mtaroni akamtoa, amembeba mikononi, jaketi la halmashauri limelowa tope jeusi. Alikuwa akilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na hakujali nani anamwona. Mama hakulia. Alishika kola yake akauliza neno moja tu.

"Ubao uko wapi?"

Cheche akamkaza kifuani, akakimbilia barabarani kutafuta gari.

Wodi ile ilikuwa ya vitanda vingi, madirisha ya juu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mama alilazwa karibu na mwanamke mmoja mwenye bandeji ngumu mkononi. Hoja alikuja na machozi, akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi kwa mama aliyempunguzia suruali tangu ujana, na mama akampapasa kichwa, maana alikuwa anampenda. Kisha Hoja akamfuata Cheche kwenye korido.

"Kaka, muongozaji ameniuliza kuhusu ile picha."

"Picha gani?"

"Ile ya mama akianguka. Anasema hajawahi kupata picha kama ile. Anasema ndiyo video yenyewe." Akamwona Cheche anavyomwangalia, akaongeza haraka haraka, "Si kwa ubaya! Watu waone! Mama yule si wako peke yako, ni mama wa jamii."

Cheche alimkamata shati kifuani, akamsukuma ukutani, na muuguzi mmoja akawaambia kama wanataka kuvunjana mifupa vitanda vimejaa. Akamwachia. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba kila neno ambalo angemwambia Hoja lilimhusu na yeye mwenyewe.

Siku ya tatu alifika Diwani, na matunda, na kamera. Alisimama kando ya kitanda, akamshika mama mkono kwa upande ambao kamera iliona vizuri, akasema tukio hili limemsikitisha, na kwamba wanaohusika watatafutwa popote walipo.

"Na kwa kuwa vijana wetu wako hapa," akasema, "tumwimbie mama kidogo. Apate moyo."

Hoja alisita. Akamtazama Cheche, akatazama kamera. Kisha akaanza polepole, kwa sauti ya chini ya wodini.

"Nani kauacha mtaro wazi?"

Cheche alikuwa anamvutia mama shuka mabegani. Hoja akadhani hakusikia.

"Nani kauacha mtaro wazi?"

Yule mwanamke wa bandeji, bila kufungua macho, akajibu, "Wao!" Mama yake Cheche alikuwa amegeuza uso juu ya mto, macho yake yenye ukungu yanaitafuta sura ya mwanawe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu. Cheche akasogea karibu na mto.

"Mimi," akasema.

Halafu Diwani akapiga makofi.

"Mmebadilisha! Safi sana! Huo ndio uwajibikaji! Kila mwananchi ajiangalie!" Akageukia kamera. "Mmesikia? Si serikali peke yake!"

Watu wake wote wakapiga makofi. Hoja akamsogelea rafiki yake sikioni, macho yanamng'aa, akamnong'oneza, "Kaka, hiyo ni kali. Turekodi leo leo."

Hapo ndipo Wana Mtaro walipokwisha, ingawa Hoja alichukua muda kujua. Cheche alitoka wodini akateremka ngazi, hakwenda kwa mwandishi wala kwa Mratibu. Video ilitoka bila yeye, na picha ya mama ikawemo, imepunguzwa mwendo, ikapata sifa mijini. Hoja aliteuliwa kuwa balozi wa mitaro. Ana kadi, ana kiti chake kwenye vikao, na nasikia anauliza maswali mazuri sana.

Cheche alifungua karakana. Alipangusa vumbi kwenye mashine, akachagua vyuma vya pembe, akakata, akapima, akashusha kinyago usoni. Aliweka bati nene la vijinundu lisiteleze. Akaweka pa kushikia pande zote mbili, kimo cha kiuno cha mama yake, akalainisha kila ncha ambayo ingeweza kumkwaruza kiganja. Akapaka rangi ya kuzuia kutu, na nyeupe kingoni, kwa ajili ya macho yale. Wapita njia walimtania, "Ala, Cheche! Hiyo si kazi ya halmashauri?" Hakuinua kichwa.

Aliposimama kunyoosha mgongo alishangaa. Muuza duka ndiyo kwanza alikuwa anawasha moto wa chakula cha mchana. Cheche alikaa chini kwenye kreti, akakitazama kidaraja kilichokwisha, akawa anatafuta kwa macho sehemu ngumu ya kazi, ile iliyohitaji miaka yote hii. Hakuiona. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mama aliporuhusiwa alirudi na magongo mawili. Jirani zake walijipanga ukingoni, wengine na simu zao tayari, na kidaraja kilikuwa kimeshakaa mahali pake, kimefungwa kwa bolti kwenye zege alilolimwaga pande zote. Cheche alisogea amshike, mama akamkataza kwa gongo. Aligonga bati mara moja. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Kisha akampa jirani gongo moja, akapeleka mkono mpaka akakipata chuma cha kushikia, akakifuata kwa kiganja, taratibu, hatua kwa hatua, kiganja kikipita juu ya kila kiungo. Hakikukwama popote.

Alifika upande wa pili, akageuka. Mtaa wote ulikuwa unamngoja aseme neno.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akamwambia mwanawe.

Akaingia ndani.